Kutoka kwenye kadi hadi kwenye tukio: ontolojia ya pamoja kwa kanzidata za urithi wetu

Ndugu mwenyekiti, wahifadhi wa makumbusho, watunza nyaraka, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, nanyi mafundi wa kompyuta ambao kazi hii haiendi bila ninyi: habari za asubuhi, na karibuni Dar es Salaam nyote mliotoka mikoani na Zanzibar.

Tuanze na swali moja. Ni vitu gani vilivyoondolewa wilaya ya Lindi kati ya mwaka 1905 na 1914, nani aliviondoa, na leo viko wapi? Swali ni fupi. Anayetaka kulijibu atapitia rejista za Makumbusho ya Taifa hapa mtaa wa Shaaban Robert, atakwenda Kumbukumbu za Taifa kule Upanga akafungue majalada ya utawala wa Kijerumani, yale yaliyoorodheshwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kisha ataandika Berlin, iliko mifupa ya dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, na Leipzig, alikofanya kazi Karl Weule, ambaye mwaka 1906 alizunguka kusini mwa nchi hii akikusanya vitu. Kila mlango atakaobisha una katalogi yake, na pengine katalogi nzuri. Lakini hakuna inayoweza kusoma ya mwenzake.

Watu wengi hudhani kikwazo ni intaneti au fedha za seva. Hivyo ni vikwazo, ila kikubwa kiko kwenye maana ya safu. Rejista moja ina safu ya "Mahali" iliyojazwa pale kitu kilipofukuliwa. Ya pili ina safu ya "Mahali" iliyojazwa pale kiliponunuliwa. Ya tatu imejazwa makao ya kabila la mtengenezaji, hata kama kitu chenyewe kilipatikana sokoni umbali wa kilomita mia tatu. Ukizirundika safu hizo tatu katika jedwali moja kwa sababu vichwa vyake vinafanana, utapata jedwali lililojaa vizuri na majibu ya uongo. Na uongo wa namna hiyo ni mgumu kuugundua, maana hakuna seli iliyo tupu wala neno lililokosewa.

Ontolojia, kwa maana tunayoitumia hapa, ni makubaliano ya maandishi kuhusu aina za mambo tunayoyazungumzia na jinsi yanavyohusiana, yakiwa yameandikwa kwa usahihi unaoiwezesha kompyuta kuyafuata. Haimlazimishi mtu kuacha rejista yake. Pale Kariakoo mmoja anapima mahindi kwa kibaba, mwingine kwa debe, na biashara kati yao inawezekana kwa sababu kila kipimo kina uzito wake unaojulikana kwa kilo. Kila taasisi ibaki na debe lake. Kinachotakiwa ni kujua na kuandika debe hilo lina kilo ngapi.

Kwa urithi wa utamaduni, makubaliano yaliyokomaa kuliko yote ni CIDOC CRM, au CRM kwa kifupi. CIDOC, kamati ya uwekaji kumbukumbu ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, ilianza kuyaandaa mwaka 1996. Mwaka 2006 yakawa kiwango cha kimataifa, ISO 21127, ambacho kimepitiwa upya mwaka 2014 na 2023. Ndani yake mna makundi takriban 80 na mahusiano takriban 160. Namba hizo zisiwatishe. Makumbusho ya kawaida hutumia makundi machache tu kwa kazi yake ya kila siku, na anayejaribu kuyatumia yote kwa mkupuo ndiye anayekwama.

Ni nini kinachofanya makubaliano haya yawe tofauti na orodha za safu tulizozizoea? Chukueni kinyago cha ngoma ya mapiko cha Wamakonde. Tuseme kilichongwa karibu na mwaka 1900, msafiri akakichukua mwaka 1906, kikaandikwa kwenye rejista ya makumbusho ya Ulaya mwaka 1907, kikapigwa picha mwaka 2012. Dublin Core, kiwango cha kueleza nyaraka na vitu kilichoanza mwaka 1995, chenye vipengele 15, kina kipengele kimoja tu cha tarehe. Utaandika ipi? Dublin Core inafaa sana kwa kumsaidia mtu ajue kitu kipo, na tusiidharau. Ila haiwezi kubeba historia ya kitu, kwa sababu inakiona kitu kama kadi yenye sifa zilizobandikwa.

CIDOC CRM inaweka tukio katikati. Kinyago hakina tarehe. Kinachotokea kwenye tarehe ni kuchonga, kuchukua, kuandikisha, kupiga picha. Kwa hiyo kinyago ni kitu kilichotengenezwa na binadamu, kundi E22. Kuchonga ni tukio la utengenezaji, E12, na uhusiano P108 unasema tukio hilo ndilo lililokizalisha kinyago. Tukio lina aliyelifanya, P14. Lina mahali lilipotokea, P7. Lina muda wake, P4. Msafiri kukichukua ni tukio jingine lenye mtu wake, mahali pake na muda wake. Ile safu ya "Mahali" iliyotusumbua sasa imejigawa yenyewe: mahali pa kuchongwa ni pa tukio la kwanza, mahali pa kuchukuliwa ni pa tukio la pili, na havigombani tena.

Hapa kuna jambo linalotuhusu kuliko linavyomhusu mtu wa Ulaya, na nataka tulitulie. CRM inatofautisha kuhamisha umiliki, kundi E8, na kuhamisha uangalizi, kundi E10. Katika E8 unaandika haki ya mali imetoka kwa nani na kwenda kwa nani. Katika E10 unaandika tu kwamba kitu kilitoka mikononi mwa mmoja kikaingia mikononi mwa mwingine. Rejista za zamani zina neno moja, "kimekusanywa", kwa yote: kununua, kupewa, kubadilishana, kuokota, na kunyang'anya wakati wa vita. Fundi asiyejua historia ataoanisha "kimekusanywa" na E8 kwa sababu inaonekana ndiyo safu ya upataji, na kwa kubofya mara moja atakuwa ametangaza kwamba maelfu ya vitu vilivyochukuliwa kusini wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilihamishwa kwa haki. Rejista haikusema hivyo. Kanuni tunayoisimamia ni hii: pasipo hati ya mauzo, zawadi au urithi, andika E10 peke yake, na maneno ya rejista yabaki kama yalivyo katika maelezo ya tukio. Umiliki utaandikwa siku ushahidi wake utakapopatikana.

Tendaguru inaonyesha faida nyingine. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na baadaye Waingereza wakachimba hapohapo kuanzia 1924 hadi 1931. Mifupa ya dinosaria yule mrefu anayeonekana Berlin ilijulikana kwa namba HMN S II, na leo inaitwa MB.R.2181. Kwa jina la kisayansi iliitwa Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na sasa wengi wanaiita Giraffatitan brancai. Katika kanzidata ya kawaida mtu hufuta namba ya zamani na kuweka mpya, na tangu siku hiyo makala yote yaliyotumia namba ya zamani hayaunganiki tena na kitu. Katika CRM namba zote mbili zinabaki kuwa vitambulisho vya kitu kimoja, na kila kupachika jina la kisayansi ni tukio la uainishaji, E17, lenye mtu aliyelifanya na mwaka wake. Fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye namba OH 5, aliloliona Mary Leakey pale Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lina historia hiyohiyo ya majina: Zinjanthropus, Australopithecus, Paranthropus. Hatuna haja ya kuchagua moja na kuyafuta mengine. Tunaandika nani alisema nini na lini.

Na watu je? Katalogi nyingi za mifupa ya Tendaguru zina safu moja ya mkusanyaji, na ndani yake mna majina ya wanasayansi wa Kijerumani. Mamia ya watu wa Lindi walichimba na kubeba, na msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, anajulikana kwa jina. Tukio la uchimbaji katika CRM linaweza kuwa na washiriki wengi, kila mmoja na nafasi yake kupitia P14.1: mwanasayansi, msimamizi, mchimbaji, mpagazi. Pale majina hayapo, unaandika kundi la watu lisilo na majina na nafasi yake. Hata hilo ni habari, na ni habari ambayo safu ya "mkusanyaji" haina pa kuiweka.

Miswada nayo inahitaji kutenganisha mambo mawili, na nitapita haraka. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Zanzibar kuna mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulioingia Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. London kuna mingine. Utenzi mmoja unaweza kuwa na nakala katika sehemu zote hizo. Karatasi ni kitu, E22. Maneno ya utenzi ni kazi ya lugha, E33. P128 inasema karatasi hii imebeba maneno yale. Ukiandika rekodi moja kwa vyote viwili, mwaka wa mnakili utageuka kuwa mwaka wa mtunzi.

Sasa mahali, penye matatizo mengi kuliko mnavyodhani. Kimondo cha Mbozi kipo palepale kilipo siku zote, lakini maandishi ya kabla ya 2016 yanasema kipo mkoa wa Mbeya na ya sasa yanasema mkoa wa Songwe. Lushoto katika majalada ya Kijerumani ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg. Hayo yanatatulika: mahali panapewa kitambulisho kimoja, majina yote yanaunganishwa napo, na mkoa unaandikwa kama eneo la utawala lenye muda wake. Kusini na kati mwa nchi kuna kosa baya zaidi, lisiloonekana kwenye skrini. Wakati wa operesheni ya vijiji, 1973 hadi 1976, vijiji vingi vilihamishwa, na vingine vilihama na majina yake. Kadi ya mwaka 1955 inayotaja jina la kijiji haizungumzii lazima pale kijiji chenye jina hilo kilipo leo. Anayechukua jina, akalitafuta kwenye ramani ya mtandaoni na kupachika nukta, anaweza kukosea kwa kilomita nyingi, na nukta yake itakuwa na desimali sita za kuwadanganya watu. Kwa kadi zote za kabla ya operesheni hiyo kukamilika tumieni ramani za zamani. Mkikosa, wekeni duara lenye kipenyo cha kutosha badala ya nukta, na muandike duara hilo limetokana na chanzo gani.

Tarehe zina ugonjwa wa aina yake. "Karibu 1900", "enzi ya Mjerumani", "kabla ya vita", "mwaka 1300 Hijria": kompyuta haiwezi kulinganisha maneno haya. CRM inaupa muda mipaka. Ya nje ni miwili: P82a, ambayo tukio haliwezi kuwa limeanza kabla yake, na P82b, ambayo haliwezi kuwa limeisha baada yake. "Enzi ya Mjerumani" tunaweza kuikubali iwe 1885 hadi 1918. Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882 ukaisha mwanzoni mwa Novemba 1883, na kwa kuwa mwezi huandama kwa kuonekana, ongezeni siku mbili kila upande. "Karibu 1900" ni uamuzi wenu: miaka mitano kila upande, au kumi, lakini uamuzi uandikwe mara moja kwa kanzidata nzima, usiwe wa kila anayeketi kwenye kompyuta. Maneno ya asili msiyafute kamwe. Yawekeni pembeni kama yalivyoandikwa.

Hapohapo nawaonya kuhusu Excel, kwa sababu data zetu nyingi zinapitia humo. Kalenda ya Excel inaanza tarehe 1 Januari 1900. Tarehe ya 1898 itabaki kuwa maandishi, ya 1906 itageuzwa kuwa namba, na safu moja itakuwa na aina mbili za data bila mtu kujua. Tena 3/7/1906 itasomwa Julai kwenye kompyuta moja na Machi kwenye nyingine, kulingana na mipangilio ya lugha. Kabla ya kufungua faili, lazimisheni safu zote za tarehe zisomwe kama maandishi.

Kuna sehemu nyingine ya kazi ambayo ontolojia peke yake haifanyi. CRM inasema kitu kina aina, kupitia P2, lakini haitaji aina zenyewe. Hizo zinatoka kwenye tesauri, yaani orodha iliyopangwa ya istilahi na maana zake. Ile ya taasisi ya Getty ya Marekani inayoitwa AAT, ya sanaa na usanifu majengo, inatumiwa dunia nzima na imekuwa wazi kwa kuunganishwa tangu 2014, lakini haikuandikwa kwa ajili ya jiko la pwani wala nyumba za Kijiji cha Makumbusho. Ungo, kifumbu, mbuzi ya kukunia nazi, jamvi, tembe, msonge: vitu hivi vinahitaji tesauri ya Kiswahili iliyoandikwa na sisi, yenye maelezo, picha na majina ya mikoa mbalimbali, kwa SKOS, muundo wa kuandika tesauri ili kompyuta izisome. Kisha tuiunganishe na AAT kwa uangalifu. SKOS ina kiungo cha kusema dhana mbili ni sawa kabisa na kingine cha kusema zinakaribiana. Cha kwanza kinarithiwa: A ikiwa sawa na B, na B sawa na C, basi A ni sawa na C. Ukisema mbuzi yetu ni sawa kabisa na kikwaruzio cha Ulaya, na makumbusho fulani imekiunganisha kikwaruzio hicho na cha jibini, basi mtafiti wa jibini ataletewa mbuzi zote za Bagamoyo. Tumieni "inakaribiana" isipokuwa mna hakika. Istilahi 300 zilizochaguliwa vizuri zinatosha kuanzia. Na yale maneno ya dharau waliyotumia wasajili wa kikoloni kwa vitu vya ibada yasiingizwe kama aina. Yahifadhiwe kama maelezo yaliyoandikwa na mtu fulani mwaka fulani, maana nayo ni ushahidi.

Tufike kwenye utendaji. Msianze na kanzidata nzima. Chagueni rekodi 200, zikiwemo mbovu kuliko zote: zisizo na tarehe, zenye namba mbili, zenye mwandiko usiosomeka. Kabla ya kugusa programu yoyote, andikeni maswali kumi ambayo mfumo lazima uyajibu, kama lile la Lindi tulilolianza. Maswali hayo ndiyo yatakayowaambia ni makundi gani ya CRM mnayahitaji. Bila hayo mtabishana mwezi mzima juu ya mambo ambayo hakuna atakayeyauliza.

Kisha tengenezeni karatasi yenye safu nne: jina la safu ya rejista, thamani kumi halisi kutoka ndani yake, maana yake kwa maneno ya kawaida, na njia yake katika CRM. Thamani kumi ni muhimu, kwa sababu jina la safu hudanganya. Mtakuta safu ya "Malighafi" ambayo kuanzia kadi fulani imejazwa vipimo, kwa kuwa fomu ilibadilishwa na hakuna aliyeandika. Mtakuta safu ya "Maoni" iliyobeba majina ya wafadhili, bei na hali ya kitu katika sentensi moja. Safu kama hiyo igawanywe kwanza, ndipo ioanishwe.

Usafishaji wa maandishi ufanyike kwa OpenRefine, programu huria inayokusanya maneno yanayofanana, ili Bagamoyo, Bagamojo na Bagamoyo yenye nafasi tupu mwishoni vionekane pamoja. Nakala ya faili ghafi iwekwe pembeni na isiguswe. Uoanishaji wenyewe unaweza kuandikwa kwa X3ML, lugha ya kuandikia kanuni za uoanishaji iliyotengenezwa na taasisi ya utafiti ya FORTH kule Krete, au kwa hati fupi ya programu. Vyovyote mtakavyochagua, kanuni za uoanishaji zikae kwenye faili lake, mbali na data, zikiwa na namba ya toleo, ili mkigundua kosa mrekebishe kanuni na kuzalisha upya badala ya kusahihisha rekodi elfu kumi kwa mkono.

Kila kitu, mtu, mahali na tukio vinahitaji anwani ya kudumu. Humo ndani msiweke jina la idara, jina la wizara, wala aina ya kitu, kwa sababu vyote hivyo hubadilika. Namba tupu inatosha. Namba iliyokwishatolewa haitumiki tena hata kitu kikipotea. Anwani iwe ya jina la tovuti linalomilikiwa na taasisi na kulipiwa kwenye bajeti yake ya kawaida. Mradi ukiisha na jina la tovuti likafa, viungo vyote ambavyo Berlin na London wameviweka kuja kwetu vinakufa siku hiyohiyo. Hili ndilo kosa linaloua miradi mingi, na sababu yake ni ada ndogo ya mwaka iliyokosa mtu wa kuikumbuka.

Matokeo yanaandikwa kwa RDF, muundo wa data za kuunganishwa, kama sentensi zenye kiima, uhusiano na yambwa. Kitu kimoja kilichoelezwa vizuri hutoa sentensi 30 hadi 60. Vitu 50,000 kwa wastani wa 40 ni sentensi milioni mbili, mzigo ambao Fuseki, hifadhi huria ya data za RDF, inaubeba kwenye kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya GB 8. Kwa kuwa umeme na intaneti ni vile tunavyovijua, kila wiki toeni nakala nzima kama faili la maandishi na muliweke katika majengo mawili tofauti. Faili hilo litasomeka hata programu zote za leo zikisahaulika. Na kabla ya kuchapisha, lipitisheni kwenye ukaguzi wa SHACL, lugha ya kuandika masharti ambayo data lazima itimize, ambao utawaonyesha matukio yasiyo na muda, vitu visivyo na mtunzaji na tarehe zilizoisha kabla ya kuanza. Wanaotaka mfumo ulio tayari kwa maeneo ya kale na majengo waiangalie Arches, iliyotengenezwa na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty pamoja na World Monuments Fund. Nayo ni huria na imejengwa juu ya CRM.

Kuunganisha watu kunataka subira. Salum bin Ali wa jalada moja na Salum bin Ali wa jalada lingine msiwaunganishe kwa jina. Tunataka angalau mambo mawili mengine yanayokubaliana: mahali na miaka, au cheo na jina la babu. Ile amri ya kusema "hawa ni mtu mmoja", owl:sameAs, inachanganya habari zao zote, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ya kuvunja moyo. Pale mnaposhuku tu, wekeni kiungo hafifu cha "huenda ni" pamoja na jina la aliyekiweka.

Nimalizie na nani aone nini, kwa sababu kuunganisha ni kufichua. Mahali pa malikale pasipo na mlinzi, kukiwemo kwenye michoro ya miambani ya Kondoa na makaburi ya pwani, pasichapishwe kwa usahihi kamili. Desimali moja ya digrii, takriban kilomita 11 huku kwetu, inamtosha mtafiti na haimsaidii mwizi. Habari za jando na unyago, na za vinyago ambavyo jamii yenyewe inaamua nani avione, zipewe lebo kutoka kwa jamii hiyo kabla hazijatoka kwenye seva ya ndani. Mtandao wa Local Contexts una lebo za namna hiyo zinazoweza kubebwa ndani ya data. Mabaki ya binadamu yasionyeshwe picha kwa chaguo-msingi. Majina ya wasimulizi walio hai yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina lisichapishwe bila ridhaa ya mwenyewe. Amueni haya kwa kila safu kwenye ile karatasi. Ongezeni safu ya tano: nani anaruhusiwa kuona.

Karatasi hiyo haisubiri seva wala mfadhili. Inamhitaji msajili anayezijua kadi zake, anayeweza kusema kwa nini wino unabadilika kuanzia namba fulani na nyota nyekundu pembezoni ilimaanisha nini. Wengi wa wasajili hao wanakaribia kustaafu, na maarifa hayo hayajaandikwa popote. Kila taasisi iliyowakilishwa hapa imketishe msajili wake na fundi mmoja wa kompyuta mwezi huu, waanze na safu za "Mahali", "Tarehe" na "Namna ya upataji". Rekodi 200 zifuate, kisha tuyajaribu yale maswali kumi kwa pamoja, Makumbusho na Kumbukumbu za Taifa na Chuo Kikuu, tukilitanguliza lile la Lindi.

Asanteni sana. Sasa niko tayari kwa maswali yenu.